Namna ya kufinyanga fuvu la kifaru: anza na kisogo

Nafundisha biolojia sekondari hapa Dodoma, na mafuvu ya vifaru nayafinyanga mwenyewe kwa udongo ili wanafunzi wayashike mikononi. Fuvu halisi usilitafute. Hata ukiliokota porini ni nyara ya serikali, utoe taarifa kwa watu wa wanyamapori na uliache lilipo.

Udongo nanunua kwa akina mama wanaofinyanga vyungu. Usiukande peke yake. Twanga vigae vya chungu kilichovunjika mpaka viwe kama chenga za mahindi, uvichanganye humo. La kwanza nilifinyanga bila vigae, nikalianika nje mwezi wa saba, na upepo wa hapa mnaujua. Kesho yake lilikuwa vipande vinne.

Mimi natengeneza nusu ya ukubwa halisi. Fuvu la kifaru mweusi lina sentimita 55 hivi, la kifaru mweupe linapita 70, kwa hiyo langu moja ni sentimita 28 na jingine 36. Viringisha magazeti, uyafunge kwa uzi, upakaze udongo juu yake. Ukifinyanga bonge tupu litapasuka.

Wengi wakiambiwa kifaru wanakimbilia pembe. Anza na kisogo, nakusihi. Hapo ndipo misuli na kano za shingo hushika ili kubeba kichwa kile kizito, na ukikipatia utajua mdomo wa mnyama ulikuwa unafika wapi. Kifaru mweusi anakula majani na vijiti vya vichakani. Kichwa hakiinamishi sana, na kisogo chake kimesimama karibu wima, kama ukuta. Kifaru mweupe ni mla nyasi, kichwa kiko chini karibu muda wote. Ukingo wa juu wa kisogo chake umerefuka kwenda nyuma, ukapita vile vifundo viwili vinavyokaa kwenye pingili ya kwanza ya shingo. Uvute kwa kidole gumba, kama unavyovuta mdomo wa mtungi. Kisha ubonyeze paji kati ya kisogo na pua, pawe kama tandiko.

Kwa jicho na pua, tafuta fuvu la punda. Huku kwetu halikosekani pembezoni mwa njia za ng'ombe, na punda ni wa ukoo mmoja na kifaru: wote wana kwato za idadi witiri. Liweke mezani ulitazame. Tundu la jicho la punda limezungukwa na mfupa pande zote. La kifaru nyuma liko wazi, limeungana na nafasi ya misuli ya kutafunia, kwa hiyo usilifunge. Mifupa ya pua ya punda ni myembamba, imechongoka mbele na kuning'inia juu ya uwazi. Ya kifaru inaning'inia vilevile, ila ni minene, na juu yake pamekwaruza kama ganda la mti. Nachukua mswaki mkavu nagonga-gonga udongo mbichi hapo, halafu nagonga tena kwenye paji, juu ya macho. Kwenye makwaruzo hayo mawili ndipo pembe zinapokalia.

Meno ya mbele usiweke, vifaru wa Afrika wakubwa hawana. Mweusi anakamata kijiti kwa mdomo wa juu uliochongoka, mweupe anakata nyasi kwa midomo mipana. Magego ya mweusi ni mafupi yenye kingo kali. Ya mweupe ni marefu na yanasagika bapa, kwa sababu nyasi zinakula meno. Kifaru wa India ni habari nyingine: taya la chini lina meno mawili makali kama patasi, na ndiyo anayopigania.

Sasa pembe. Jumamosi nenda mnada wa Msalato, omba kichwa cha ng'ombe kwa wachinjaji. Kikioza, pembe inachomoka kama soksi na ndani inabaki gongo la mfupa. Pembe ya kifaru haina gongo. Ni keratini tupu, kama kucha zako, na inakaa juu ya mfupa bila kuingia ndani yake. Kwa hiyo usiifinyange kwa udongo. Nunua kamba ya katani, ichambue nyuzi, zipake gundi ya mbao, uzibane pamoja, zikikauka uchonge kwa kisu.

Ukizoea, jaribu waliotoweka. Kifaru mwenye manyoya wa enzi za barafu alikuwa na ukuta wa mfupa katikati ya pua, ukishikilia mifupa ya pua kutoka chini. Nauwekea kipande cha udongo kilichosimama. Pembe zake zimepatikana kwenye ardhi iliyoganda ya Siberia, ya mbele imebanwa ubavuni kama panga. Elasmotherium alikuwa na kuba la mfupa kwenye paji. Paraceratherium hakuwa na pembe kabisa, na fuvu lake lilifika mita 1.3. Huyo sijathubutu, meza ya darasa haimtoshi.

Anika kivulini chini ya gunia lenye unyevu, siku kumi au zaidi. Mimi sichomi, napaka rangi tu.

Pembe usizigandishe kwenye fuvu, ziweke juu tu. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha pili aliinyanyua ile ya mbele, akapitisha kidole kwenye makwaruzo, akatafuta shimo. Hakuliona. Akagusa kucha yake, akaniuliza, "Mwalimu, kumbe wanauliwa kwa ajili ya hiki?"