Unahisi Mungu anakuita umisheni? Fanya haya kabla hujaaga nyumbani

Vijana wa kanisani kwetu hapa Unguja wananijia sana baada ya ibada na swali hili hili, nitajuaje kama ni wito kweli au ni moto wa mkutano tu, na mimi siwezi kulijibu haraka haraka mana mwenyewe niliwahi kukosea, nilitoka kwenye semina ya siku tatu nalia, wiki ya pili nikaandika barua ya kuacha kazi, kumbe hata mama sijamwambia na deni la kikoba sijamaliza. Miezi minne nikarudi nimechoka roho na mwili. Haya nayoandika yamenigharimu.

Kwanza tulia. Chukua daftari, andika tarehe, andika ni watu gani wanakulemea moyoni, wako wapi, na unajiona ukiwafanyia kazi gani. Omba, funga, alafu daftari usilifungue mpaka mwezi upite. Nehemia alipopata habari za Yerusalemu alilia akafunga, habari ilimfika mwezi wa Kisleu na kwa mfalme akasema mwezi wa Nisani, hapo katikati ni kama miezi minne. Mzigo ukiwa bado upo tena umezidi, songa mbele. Ukiwa umepoa basi mshukuru Mungu, hakuna ulichopoteza.

Alafu jiulize unakimbia nini. Uchumba umevunjika? Kazi hakuna? Umegombana na baba? Au moyoni unataka ndege na Ulaya? Jibu kwa kweli, uko peke yako na Mungu hapo. Aliyeumia naye anaitwa, ila kidonda akitibu kwanza, huko ugenini kitafumuka tu.

Sasa hili ndo kubwa kuliko yote, usijitume mwenyewe. Soma Matendo sura ya 13, pale Antiokia Roho alisema na manabii na walimu wa kanisa wakiwa kwenye ibada na kufunga, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli (ndo huyo Paulo) wakawaaga. Kwaiyo nenda kwa padri au mchungaji wako, mwambie wazi, alafu watafute watu watatu uwaulize unanionaje: mmoja wa nyumbani kwenu, mmoja mnayefanya nae kazi, na mmoja uliyewahi kukosana nae. Huyo wa tatu msikilize sana. Kama umeoa au umeolewa, mwenzio akisema hapana basi mnangoja na mnaomba wote, usimburuze.

Madeni lipa. Sina maneno mengi hapo.

Kisha jaribu hapa hapa. Omba wazee wakupeleke Pemba wiki tatu, panda meli kwa nauli yako, ukae na kanisa dogo la Wete au Chake, ufagie, ufundishe watoto, utembelee wagonjwa, usiombe kipaza sauti. Sisi Wakristo visiwani ni wachache na majirani zetu ni Waislamu, na hiyo ni shule ambayo wa bara wengi hawana. Umeshindwa kuingia msibani kwa jirani, kupokea futari anayokuletea, kujizuia kula njiani mchana wa Ramadhani, utawezaje kuishi na watu wa nchi usiyoijua? Mtu ambaye huna heshima nae hatokusikia hata useme maneno mazuri vipi, na mihadhara ya kurushiana aya sio umisheni, mimi nasema hivo kwa uchungu.

Lugha nayo. Ingia pale Mkunazini kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, nyuma ya altare amezikwa Askofu Steere, mmisionari Mwingereza aliyefariki 1882. Yule kabla hata hajawa askofu alishakaa chini akajifunza Kiswahili chetu, na kitabu chake cha kufundishia lugha kilitoka 1870. Na usidhani kazi hii ni ya wazungu tu, Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyeletwa Zanzibar utumwani, akasomeshwa na UMCA, misheni ya Waanglikana aliyokuwemo Steere, 1886 akapelekwa Chitangali huko kusini mwa bara kwa Wayao wenzake na 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Alienda kwa watu wake. Labda na wewe ni hivo, ebu angalia daftari lako uone umeandika watu gani.

Yote hayo yakipita ndo uandike barua kwa wazee, karatasi moja inatosha, useme unaitiwa nini, nani wamekuthibitishia na umeshatumika wapi. Wakikwambia ngoja, ngoja. Yohana Marko aliwaacha wenzake njiani kule Pamfilia na Paulo akakataa kwenda nae tena, lakini baadae Paulo huyo huyo akaagiza aletewe Marko kwa kuwa anamfaa. Barua ukishaitoa usimfuate padri kila jumapili kumuuliza, wewe endelea na zamu yako ya watoto.