Namna ya Kuisaka Hitilafu ya Injini Inayokuja na Kupotea Kwenye Hiace

Hiace inayozima ghafla barabarani, ikakaa pembeni nusu saa, kisha ikawaka kana kwamba haikuwa na neno, humtesa mwenyewe kuliko ile iliyokufa moja kwa moja. Iliyokufa huvutwa hadi gereji na ugonjwa wake ukiwa palepale, na fundi anaushika. Hii nyingine hufika gereji ikinguruma vizuri, fundi anaizungusha mtaa mzima bila kuona tatizo, na mwishowe kinachobaki ni kubahatisha: leo pampu ya mafuta, kesho plagi, keshokutwa koili inayoipa plagi umeme, na fedha inakwisha huku gari likiendelea kuzima. Mwongozo huu unahusu Hiace za petroli zenye injini za 1TR ya lita 2.0 na 2TR ya lita 2.7, ingawa sehemu kubwa itamfaa mwenye gari lolote la petroli linaloendeshwa kwa kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini.

Kabla ya yote, kubali sharti moja: usinunue spea yoyote mpaka uwe umeiona hitilafu ikiwa kazini. Hitilafu ya aina hii ina mazingira yake, iwe ni joto, mtikisiko, unyevu, mzigo au kiasi cha mafuta kwenye tangi, na mazingira hayo yasipokuwepo haionekani kwa macho wala kwa mashine. Kazi ya mtafutaji ni kuyajua mazingira hayo, kuyarudisha kwa makusudi, na kuwa na vifaa mkononi wakati injini inapozima. Nayasema haya nikiwa nimeyalipia. Hiace yangu ya mizigo, iliyokuwa ikipeleka nyanya na vitunguu Dar es Salaam kutoka Morogoro, ilianza kuzima baada ya kupita Chalinze, karibu kila mara mchana, na nilifungiwa pampu mpya ya mafuta mara mbili kabla sijaamua kutulia na kuitafuta hitilafu kwa utaratibu.

Anza na daftari. Likae mbele ya dereva, na kila injini inapozima aandike saa, muda uliopita tangu gari liwashwe, mwendo, hali ya barabara, mzigo, kiwango cha mafuta, kama kiyoyozi kilikuwa kimewashwa, kama mvua ilinyesha au gari lilioshwa, na zaidi ya yote injini ilizimaje na ilichukua dakika ngapi kuwaka tena. Matukio matano yaliyoandikwa vizuri yana thamani kuliko maelezo marefu ya kukumbuka, kwa sababu mtu aliyekwama njiani hukumbuka hasira na joto akasahau kwamba tangi lilikuwa karibu tupu.

Namna injini inavyozima inaeleza mengi. Ikikatika mara moja, kama vile mtu amegeuza ufunguo, bila kukohoa wala kusita, elekeza mawazo kwenye umeme: sensa ya krenki (inayoiarifu kontroli boksi kwamba injini inazunguka), rilei kuu ya injini (swichi inayoruhusu umeme kwenda kwenye mfumo wa injini), swichi ya ufunguo au waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari). Ikianza kukosa nguvu, ikavuta kwa mishtuko na kuzima polepole, hasa unapokanyaga mafuta kwenye mlima, shuku mafuta yenyewe: pampu iliyochoka, chujio lililoziba, uchafu au maji ndani ya tangi. Kama inamisi silinda moja, yaani silinda hiyo haichomi mafuta, huku gari likiendelea kutembea, tafuta koili, plagi au nozeli inayopulizia mafuta. Ikizima kwenye foleni tu, ilhali barabarani inakwenda vizuri, fungua throtoli, mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, uone kama imejaa masizi, na kagua mipira ya hewa kama imepasuka. Inayozima ikishapata moto na kuwaka baada ya kupoa ina kifaa kinachokatika ndani kwa joto, na kwenye Hiace jambo hili lina nguvu ya pekee kwa sababu injini imefichwa chini ya viti vya mbele, mahali ambapo joto halina pa kutokea kwa haraka.

Kabla ya kuanza msako, ondoa mambo yasiyohitaji ununuzi. Safisha vichwa vya betri na uvikaze. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6, na injini ikinguruma alternata, inayochaji betri, inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.7. Kisha pima ethi, kipimo ambacho kwa maoni yangu kinapuuzwa mno: weka waya mmoja wa mita ya umeme kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, halafu mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi umechakaa au bolti yake ina kutu, na hapo kontroli boksi inaweza kupata umeme unaoyumba bila sensa yoyote kuwa mbovu. Toa pia mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo na uyaache yatulie. Maji yakiwepo, yataonekana chini yakiwa yamejitenga na petroli.

Baada ya hapo gari lisomwe kwa mashine inayotoa namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kontroli boksi, na lisomwe kabla mtu hajachomoa betri, kwa kuwa kuchomoa betri kunaweza kufuta kumbukumbu unayoihitaji. Soketi ya kuchomeka mashine hiyo, yenye pini 16, iko chini ya dashibodi, upande wa dereva. Namba P0335 inahusu saketi ya sensa ya krenki, P0339 inaonyesha kwamba ishara ya sensa hiyo inakatika na kurudi, P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayomisi, na P0171 inasema mchanganyiko una mafuta machache mno kwa hewa iliyopo. Namba huonyesha eneo la kutafuta tu. P0171 kwa mfano huweza kuletwa na pampu dhaifu, na mpira wa hewa uliopasuka, au na sensa ya hewa iliyochafuka. Kwa namba za silinda kuna njia rahisi isiyo na gharama: ikiwa ni P0303, hamishia koili ya silinda ya tatu kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu, kisha uendeshe. Namba ikigeuka kuwa P0301, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, usinunue koili.

Hata hivyo, nyingi kati ya hitilafu hizi haziachi namba yoyote, na hapo ndipo dakika chache za kwanza baada ya injini kuzima zinapokuwa na thamani kubwa. Beba mita, testa ya taa, plagi moja ya akiba, kisoma hitilafu kinachounganishwa na simu, maji na kitambaa, na mtu wa pili. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani utakuwa mzito na breki itabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa hiyo usiipampu breki wala usichomoe ufunguo. Lielekeze gari kando, weka pembetatu, na zuia tairi kwa kigingi. Kisha fanya kazi haraka kabla injini haijapoa, kwa sababu ikipoa umeikosa.

Washa ufunguo bila kupiga stata, utazame dashibodi. Taa ya injini inapaswa kuwaka. Isipowaka, na balbu yake ni nzima, huenda kontroli boksi yenyewe haina umeme, na msako wako unahamia kwenye fyuzi, rilei kuu ya injini na swichi ya ufunguo. Ikiwaka, mwenzako apige stata huku ukitazama mizunguko ya injini kwenye simu. Stata ikizungusha injini huku simu ikisoma sifuri, ishara ya krenki haifiki kwenye kontroli boksi. Baada ya hapo chunguza moto, yaani cheche ya plagi, na mafuta. Chomoa soketi za nozeli ili petroli isimwagike ndani ya silinda, toa koili moja, ichomeke kwenye plagi ya akiba iliyogusa chuma cha injini, na mwenzako apige stata kidogo. Usiishike plagi kwa mkono, na hakikisha hakuna harufu ya petroli karibu. Kwa upande wa mafuta, sikiliza tangi wakati stata inazunguka, kisha pima kwa testa kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu.

Sasa fikiri kwa utulivu juu ya ulichokiona. Kukiwa na umeme kwenye pampu lakini pampu iko kimya, pampu yenyewe ndiyo ya kushukiwa, na wakati mwingine ukiligonga tangi kwa nyundo ya mpira itaamka kwa muda. Kukiwa na moto na mafuta yote mawili, rudi kwenye maji, uchafu na mifumo ya hewa. Lakini moto na pampu vikikosekana kwa pamoja, usiilaumu pampu hata kidogo. Katika Toyota nyingi za petroli kontroli boksi huipa pampu umeme pale tu inapopata ishara kwamba injini inazunguka, na ishara hiyo ikikatika hunyamazisha plagi, nozeli na pampu kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, kutoisikia pampu unapowasha ufunguo bila kupiga stata si ushahidi wa ubovu katika magari mengi ya aina hii. Hapa ndipo nilipopotezwa: fundi aliikuta pampu iko kimya, akaibadilisha, gari likawa limekwishapoa, likawaka, na sote tukaamini tumepona.

Siku niliyoikamata, Hiace ilizima kati ya Chalinze na Mlandizi, yapata saa nane mchana. Taa ya injini iliwaka, stata ilizunguka, simu ikasoma sifuri. Nililala chini ya gari juu ya gunia, nikachomoa soketi ya sensa ya krenki na kuweka ncha za mita kwenye pini mbili za sensa. Asubuhi kabla ya safari nilikuwa nimeipima ikiwa baridi na kupata karibu ohm 2,000. Sasa mita haikusoma kitu, alama ya waya uliokatika. Nikaizungushia kitambaa kilicholowa maji, nikasubiri, nikiwa bado nimeshikilia ncha za mita kwa vidole vyenye grisi. Baada ya dakika kama sita namba iliruka, ikapotea, ikarudi, kisha ikatulia palepale ilipokuwa asubuhi. Uzi wa koili ndani ya sensa ulikuwa umekatika, na joto likiutanua ncha zake zilikuwa zikiachana.

Kama huwezi kusubiri barabarani, mazingira ya hitilafu unaweza kuyaleta gereji. Kiti kikiwa kimefunuliwa na injini ikinguruma taratibu, tikisa soketi na mafungu ya nyaya moja baada ya jingine, ukiyaweka mikono na nguo mbali na mikanda na feni. Injini ikishtuka, umefika mahali penyewe. Kifaa unachokishuku kwa joto kipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, kamwe usitumie moto wazi. Kwa unyevu, nyunyiza maji kidogo kwenye eneo la koili. Rilei inayoshukiwa ibadilishane nafasi na nyingine ya aina ileile iliyo nzima, kisha uone kama ugonjwa umehama nayo. Presha ya mafuta ikihitajika kupimwa gari likitembea, mpira wa geji upite nje na geji ifungwe chini ya waipa, na petroli isiingizwe ndani ya kabini kwa hali yoyote.

Nyaya nazo zikaguliwe kwa vidole, si kwa macho pekee. Waya wa shaba huweza kukatika ndani huku plastiki yake ikibaki nzima, na ukiuvuta taratibu sehemu hiyo hurefuka kama mpira. Tazama hasa pale nyaya zinapopita kwenye kona za chuma, karibu na eksozi, na mahali ambapo mtu aliwahi kuunga kwa utepe.

Ukishafunga kifaa kipya, gari likiwaka gereji bado haijathibitisha lolote, kwani hata lilipokuwa bovu lilikuwa likiwaka. Rudia safari ileile kwa mzigo uleule na saa ileile ya joto, daftari likiwa bado mbele ya dereva, kwa mara nyingi kuliko pengo refu kabisa ulilowahi kuliona kati ya tukio na tukio. Hiace yangu ilikuwa ikizima angalau mara moja katika kila safari tatu; niliipeleka safari nane za mchana ndipo nikaandika tarehe ya matengenezo na kulifunga daftari.