Kuimaliza tiba ya mionzi ya saratani ya titi kwa mgonjwa anayetoka Kigoma

Mwanamke wa Kigoma, Kasulu au Uvinza anayeandikiwa tiba ya mionzi baada ya upasuaji wa titi kwa kawaida hupewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ugumu huanzia hapo, kwa sababu mionzi si tiba ya siku moja. Hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tatu hadi sita kadiri daktari atakavyopanga, ingawa wapo wanaopangiwa muda mfupi zaidi. Kati ya dozi moja na nyingine seli zenye afya hupata nafasi ya kujitengeneza, ilhali seli za saratani hushindwa kufanya hivyo vizuri. Dozi zikikatizwa kwa siku nyingi, saratani nayo hupata mwanya wa kukua. Kwa hiyo jambo la kupigania tangu mwanzo ni kuimaliza ratiba yote bila kukatisha.

Ninasisitiza kwamba kikao cha familia kifanyike kabla ya safari. Kijadili nani atabaki na watoto, nani ataangalia shamba na nani atamsindikiza mgonjwa, na fedha za chakula na malazi zihesabiwe kwa muda wote wa tiba pamoja na siku za kusubiri, kwa kuwa mgonjwa mpya haanzi kupigwa mionzi siku anayofika. Beba barua ya rufaa, majibu ya kipimo cha kinyama (kipande kidogo cha uvimbe kilichokatwa na kupimwa), taarifa ya upasuaji, picha za vipimo na kadi ya bima kama unayo. Kama huna bima wala uwezo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla fedha hazijakuishia. Ukiwa na ndugu wawili mjini, chagua anayeishi karibu na hospitali hata kama nyumba yake ni ndogo, maana safari ya kila siku ndani ya daladala iliyojaa humchosha mgonjwa kuliko mionzi yenyewe. Kwa reli, Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mizigo yote ya njiani ibebwe na msindikizaji.

Wakati huohuo uandae mkono wako. Mionzi hutolewa ukiwa umelala chali na mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, na bega lililokakamaa baada ya upasuaji linaweza kuchelewesha tiba. Daktari akisharuhusu, simama ukielekea ukuta, utembeze vidole juu yake taratibu hadi pale unapohisi mvuto, kisha ushuke, na urudie zoezi hilo kila siku bila kulazimisha maumivu.

Siku ya vipimo vya kupanga tiba, wataalamu watakupiga picha na kukuwekea alama kwenye ngozi ili mashine ilenge mahali palepale kila siku. Usizisugue alama hizo wakati wa kuoga, na zikififia usizichore upya mwenyewe, bali uwaambie. Siku ya tiba utabaki peke yako chumbani kwa dakika chache, huku wataalamu wakikuangalia kutoka nje, nawe hutahisi maumivu yoyote. Mashine ikishazimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako, kwa hiyo unaweza kumpakata mtoto, kula sahani moja na wenzako na kulala na mumeo. Nywele za kichwani pia hazinyonyoki kwa mionzi ya titi. Zinazonyonyoka kwa kawaida ni kwa sababu ya kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Lakini usishike mimba katika kipindi hiki, na ukihisi huenda una ujauzito, sema kabla ya kuingia chumbani.

Ngozi ndiyo inayohitaji uangalizi mkubwa. Mabadiliko huanza kuonekana katika wiki ya pili au ya tatu, na kwa ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Utaona weusi ukizidi, utahisi joto, mwasho na ukavu, na huenda ngozi ikachubuka kwapani au chini ya titi, mahali ambapo ngozi hugusana na jasho hujikusanya. Hali hiyo mara nyingi huwa kali zaidi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho, kisha hupungua, na kuijua mapema kunamwondolea mgonjwa hofu ya kudhani kuwa ameharibiwa. Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi pasipo kusugua. Vaa blauzi pana ya pamba, uache sidiria yenye waya, na kanga uifunge kiunoni badala ya kifuani, kwa sababu pindo lake husugua palepale palipopigwa mionzi. Epuka jua kali, marashi na kukanda kwa maji ya moto.

Kwetu mawese hayakosekani, na asali ya Tabora inasifika, hivyo hakika atatokea mtu mwenye nia njema atakayekushauri upake kimojawapo. Usipake kitu chochote, iwe mafuta, asali au majani, kabla ya kuwauliza wataalamu wanaokutibu. Mweleze daktari pia kila dawa ya kienyeji unayokunywa. Ngozi ikitoa maji, usaha au harufu, au ukipata homa, nenda siku hiyohiyo.

Uchovu huongezeka kadiri wiki zinavyopita, na hauishi wote kwa usingizi. Matembezi mafupi ya asubuhi husaidia, pamoja na kuwaachia wengine ndoo na kuni. Kula vyakula vinavyojenga mwili, kama dagaa, migebuka, maharage, mayai na karanga, na unywe maji ya kutosha. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta katika tiba, zungumza na daktari wako na sheikh wako kabla ya kunuia kufunga.

Ukirejea nyumbani, omba muhtasari wa tiba kwa maandishi, uupeleke kliniki ya Hospitali ya Maweni, Kigoma, au kituo chako cha karibu. Endelea na mazoezi ya bega kwa miezi mingi, na uulinde mkono wa upande uliotibiwa dhidi ya majeraha na moto, hasa kama tezi za kwapani ziliondolewa, kwa kuwa mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka; uvimbe ukionekana, usisubiri. Katika miezi sita ya mwanzo, kikohozi kikavu kisichoisha, homa au kubanwa na pumzi vinaweza kutokana na pafu lililoguswa na mionzi, hivyo mwambie mhudumu ulipigwa mionzi lini na upande gani, ili asikutibu kifua cha kawaida peke yake.