Kuikabili hasira kwa njia ya Mahasi

Hili ni zoezi la kutafakari (meditation) kwa kuangalia pumzi. Keti mgongo wima bila kujikakamua, tega saa dakika 15. Peleka akili tumboni: likipanda, sema kimoyomoyo "linapanda", likishuka, "linashuka". Ndivyo alivyofundisha Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa Kibudha wa Myanmar. Usiilazimishe pumzi; kifua kitabana.

Hasira ikija, itaje: "hasira, hasira". Kisha itafute mwilini. Taya zimekaza? Masikio yamepata moto? Kaa na joto hilo mpaka lilegee lenyewe. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaifukuza, au wanaanza kujibizana kichwani na aliyewaudhi. Ukijikuta huko, taja "kuwaza", rudi tumboni. Goti likiuma, taja "maumivu" kwanza, ndipo usogee polepole.