Mputa wa shindano: kumvua, kumpima na kumrudisha hai Ziwa Victoria

Kwenye shindano la uvuvi, mputa, ambaye Waswahili wengine humwita sangara, hahesabiwi kwa sababu watu wote botini walimwona akiruka. Anahesabiwa akiwa amelala kwenye ubao wa kupimia, pua imegusa kizuizi, mdomo umefungwa na mkia wote uko ndani ya picha, halafu anarudi majini akiogelea. Boti nyingi zinapoteza alama katika dakika hizo chache za mwisho kuliko saa zote za kutafuta samaki. Ndiyo maana maandalizi yanaanzia kwenye ubao na kurudi nyuma hadi kwenye ndoana.

Kabla ya kulipa kiingilio, soma kanuni. Je, kinachopimwa ni urefu au uzito? Samaki wa kuanzia sentimita ngapi ndiye anayehesabiwa, na kila boti inapeleka wangapi? Ndoana za meno matatu zinaruhusiwa? Samaki akifa, alama zinakatwa? Kwenye bahari ya Kenya na Tanzania, samaki wenye mkia wa panda kama jodari hupimwa hadi kwenye panda ya mkia. Mputa ana mkia wa duara, kwa hiyo hupimwa hadi mwisho kabisa wa mkia. Aliyezoea bahari huteleza hapa: anapima hadi katikati ya mkia kwa mazoea na kujinyima sentimita zake mwenyewe.

Kuhusu uzito, mizani ndani ya boti linaloyumba ni ya kujifurahisha tu. IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi, hakikubali rekodi ya uzito iliyopimwa majini. Rekodi yao ya mputa ni kilo 104.3, samaki aliyevuliwa Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Ukitaka makadirio bila kumning'iniza samaki, zungusha utepe mahali alipo mnene zaidi, zidisha mzingo huo kwa mzingo, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 29,000. Mputa wa sentimita 120 mwenye mzingo wa 78 atakuwa kwenye kilo 25.

Vifaa

Fimbo fupi ngumu ya mita 2, rili yenye breki laini, na mita 250 hadi 300 za mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 30. Mbele yake funga nailoni ya mita 2 yenye unene wa milimita 1 hivi, nguvu kilo 45 hadi 60. Mputa hana meno ya kukata. Ana meno madogo mengi kama msasa, na vifuniko vya matamvua vyenye kingo kali. Nailoni nyembamba haikatiki mara moja, inasagika taratibu, na unakuja kuona mshipi umelegea samaki akiwa mita tano tu kutoka botini. Kwa hiyo kila baada ya samaki pitisha nailoni katikati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata kipande hicho na ufunge upya, hata kama wenzako wanakupigia kelele kwamba muda unakwenda.

Breki usiipime kwa mkono. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, shika fimbo kama unavyoishika ukipigana na samaki, kisha vuta hadi rili ianze kutoa mshipi. Mizani isome karibu robo ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 30, ni kilo 7 hivi. Ukikaza zaidi, ndoana zinanyooka au zinapasua mdomo. Ukilegeza sana, ndoana haizami kwenye taya, kwa kuwa taya la mputa mkubwa ni gumu kama ubao.

Chambo bandia cha sentimita 14 hadi 18, chenye ulimi wa plastiki wa kukizamisha mita 4 hadi 6, ndicho cha kazi. Rangi za machungwa na kijani kibichi zinaonekana vizuri kwenye maji yetu ya kijani. Lakini rangi isikuchukulie muda mrefu, kwani mwendo wa chambo ni muhimu zaidi. Kabla ya kukitoa nyuma, kiburute kando ya boti kwa mwendo wa kazi ukitazame. Kinatakiwa kutetemeka huku kikienda moja kwa moja. Kikikimbilia upande mmoja, kitoe majini, kishike pua ikikutazama, na kwa koleo sukuma kile kitundu cha kufungia mshipi kuelekea upande *unaotaka* kiende. Sukuma kidogo sana, unene wa ukucha, kisha jaribu tena. Ukikipinda kwa nguvu mara moja kitatoka na plastiki, na hapo chambo kimekwisha.

Sasa ndoana. Zile zinazokuja na chambo mara nyingi ni nyepesi kwa samaki wa kilo 20. Zibadilishe kwa nene zaidi pamoja na pete zake, lakini rudia jaribio la kando ya boti, kwa sababu uzito ukiongezeka chambo hubadilisha mwendo. Kisha bana vijino vya ndoana kwa koleo hadi vilale. Wengi wanaogopa hatua hii, wakidhani samaki atachomoka. Mshipi ukibaki umekaza, hachomoki. Faida yake unaiona samaki akiwa ndani ya neti: ndoana inatoka kwa msokoto mmoja badala ya kukwama kwenye nyuzi, na ikimchoma mwenzako kidoleni inatoka vilevile.

Mahali na mwendo

Mputa hufuata chakula: nkejje (furu) karibu na miamba, mukene (dagaa) kwenye maji ya wazi. Kwa shindano la kurudisha samaki hai, tafuta ncha za visiwa zenye mawe na miteremko ya mita 4 hadi 9, kama ilivyo kuzunguka visiwa vya Koome na vya Ssese upande wa Uganda. Usishuke chini zaidi hata kama kipima kina kinaonyesha samaki wakubwa mita 20. Sababu iko huko mbele.

Rambaza, yaani buruta chambo nyuma ya boti, kwa kilomita 5 hadi 7 kwa saa. Chambo kimoja kiwe mita 40 nyuma, kingine 25, ili mshipi usisokotane na mwingine boti linapokata kona. Kona ziwe pana. Chambo cha upande wa ndani hupunguza mwendo na kupanda, cha nje huongeza mwendo na kuzama, na mara nyingi mputa hupiga hapo hapo. Ukiona hivyo mara mbili, usiendelee kwa mstari ulionyooka, tembea kwa mawimbi.

Macho yawe kwenye ncha ya fimbo. Chambo kikifanya kazi, ncha hutetemeka bila kukoma. Ikitulia, kuna kipande cha gugu maji kwenye ndoana, na hakuna mputa atakayekigusa. Kivute, kisafishe, kirudishe. Asubuhi baada ya upepo wa usiku utafanya hivyo kila dakika chache. Inachosha, lakini anayeacha "kidogo tu" anaburuta majani saa nzima.

Usiku na alfajiri ndipo ngurumo na dhoruba za Ziwa Victoria zinapokuwa kali zaidi. Ukiona wingu jeusi lenye radi upande wa ziwa saa kumi na mbili asubuhi, subiri mwaloni. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, na la akiba lisiloguswa.

Nyavu za watu

Asubuhi ziwa lina nyavu na kaputi (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) ambazo bado hazijapandishwa, na alama yake inaweza kuwa kibuyu kimoja cha plastiki kinachoelea. Ukimkuta mwenyewe kwenye mtumbwi, punguza injini mbali ili usimrushie mawimbi, msalimie, uliza: "Ssebo (bwana), nyavu zako zinaishia wapi?" Atakuonyesha kwa mkono, na mara nyingi ataongeza alipowaona mputa jana. Chambo kikinasa wavu, weka injini huru, rudi nyuma juu ya mshipi wako, inua wavu kwa mkono na uchomoe ndoana. Usikate wavu. Kata nailoni yako.

Jua pia kwamba mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walianza kudoria ziwani dhidi ya uvuvi haramu. Mputa wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa na kubakizwa. Mputa mdogo anapimwa haraka, anarudi, na haingii kwenye barafu "kwa ajili ya supu".

Akipiga

Nahodha asizime injini. Aendelee sekunde tatu au nne ili ndoana izame, ndipo apunguze. Wengine wavute fimbo zao ndani. Mputa atapanda juu, afungue mdomo na matamvua, atikise kichwa. Hapo ndipo chambo hurushwa. Inamisha fimbo pembeni, karibu na maji, na uendelee kuzungusha rili. Fimbo iliyoinuliwa juu kama mlingoti inampa samaki nafasi ya kuruka, na akiwa karibu na boti inaweza kuvunjika.

Mshipi wa kusuka haunyumbuki, kwa hiyo akifika mita kumi legeza breki kidogo. Atakimbia mara ya mwisho akiona boti, na samaki wengi hupotea katika mbio hiyo.

Mwingize kwenye neti ya mpira, kichwa kwanza, kisha *mwache majini* ndani ya neti. Vaa glavu. Watu hupasuliwa mikono na kingo za vifuniko vya matamvua wakidhani hatari iko mdomoni. Kulabu ya kuchoma haina kazi kwenye shindano hili.

Ubao na picha

Akiwa bado majini, ubao wa sentimita 150 ulale sakafuni na umwagiwe maji, kwani ubao uliokaa juani unamuunguza ngozi. Mpiga picha awe amesimama tayari, kibandiko cha namba ya siku hiyo kutoka kwa waandaaji kiwe mahali pake. Ndipo ainuliwe, mkono mmoja kwenye taya la chini, mwingine chini ya tumbo. Samaki wa kilo 20 akining'inizwa kwa taya peke yake, anaumia viungo vya taya na utumbo.

Vuta pumzi na uibane anapotoka majini. Ukiishiwa, naye ameishiwa. Pua kwenye kizuizi, mdomo umefungwa, picha tatu kutoka juu kabisa. Makosa yale yale hurudi kila mara: kidole kimefunika namba, mwanga wa jua umefuta sentimita, mkia umekatwa, picha imepigwa kwa pembe hadi mstari hausomeki. Tazama picha moja kabla ya kumwachia. Sekunde mbili zinatosha.

Beseni la kumhifadhi "apumzike" ni kosa. Mputa anahitaji oksijeni nyingi kuliko samaki wengi wa ziwa hili. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 mputa wengi walielea wamekufa Ziwa Victoria na Kyoga, na wizara ya kilimo na uvuvi ya Uganda ilitaja upungufu wa oksijeni majini. Beseni dogo juani linafanya hivyo hivyo kwa dakika chache.

Mshike wima kando ya boti, injini ikienda polepole, maji yaingie mdomoni. Usimsukume mbele na nyuma. Akianza kukaza mwili na kupiga mkia, mwachie.

Akielea tumbo juu, ni bondo, kifuko cha hewa kilichomo tumboni, lile lile ambalo wachuuzi hulilipia zaidi kuliko minofu. Kwa mputa, bondo halitoi hewa haraka. Akivutwa kutoka kina kirefu linavimba na kumzuia kuzama, wakati mwingine linasukuma tumbo hadi mdomoni. Usilitoboe. Chukua chubwi la kilo 3 hadi 5, funga ndoana isiyo na kijino ikiwa imegeuzwa, ncha ikitazama chini, iweke kwenye ngozi ya mdomo wa chini, na umshushe mita 10 au zaidi. Vuta ghafla juu, ndoana inatoka, samaki anabaki chini. Asiposhuka, ongeza uzito. Hii ndiyo sababu ya kutorambaza juu ya mita 20.

Murchison ni kazi nyingine

Chini ya maporomoko ya Murchison, kwenye Mto Nile nchini Uganda, mputa ni wa asili, hakuletwa kama wa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ni ndani ya hifadhi, kwa hiyo kibali cha kuvua hutoka kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Hapo wengi huvua kutoka kwenye mawe, na maji yana nguvu: tumia mshipi wa kilo 35 au zaidi na rili kubwa, kwani akishika mkondo huwezi kumfuata. Ongeza waya wa sentimita 30 mbele ya chambo. Huku kuna ngassa, samaki mwenye meno ya kukata nailoni kwa pigo moja, ambaye Ziwa Victoria halina.

Mamba wanajua kelele za samaki anayehangaika. Simama mita kadhaa kutoka ukingoni, mwenzako mmoja atazame maji tu asishike fimbo, na samaki apokelewe na kurudishwa kwa neti yenye mpini mrefu. Usiingie majini kumshika, hata kama yanafika kifundo cha mguu.