Jinsi ya kuomba kiti kwenye kamati inayolinda hela za bondi za shule, California

Wazazi wenzangu mlioko California, na hasa nyinyi wa San Diego ambako tunaosikilizana kwa Kiswahili tuko wengi, Wakongo, Warundi, Wakenya na wengine, hii naandika kwa ajili yenu. Ukipita shule ya mtoto wako ukakuta uzio wa waya na mafundi wamevaa helmeti, kuna uwezekano mkubwa hapo kuna hela yako. Distrikti, yaani mamlaka ya shule za umma za eneo lenu, inakopa kwa kuuza bondi, deni linalipwa kupitia kodi ya majengo, na usiseme mimi napanga tu hainihusu, mwenye nyumba akipandishiwa kodi huko anakuja kuitafuta kwako.

Zamani bondi ya shule ilitaka theluthi mbili ya kura ndo ipite. Novemba 2000 watu wakapitisha kwa kura sheria inayoitwa Proposition 39, ikashuka mpaka asilimia 55, ila kwa masharti: hela ziende kwenye majengo na vifaa vyake, senti isiende kwenye mishahara ya walimu wala maofisa wala matumizi ya kila siku, kila mwaka mahesabu yakaguliwe na mkaguzi wa nje, halafu iwepo kamati ya wananchi wa kawaida inayofuatilia. Kamati hiyo ndo ninayotaka uiombe. Hela zenyewe si za kuchezea, San Diego Unified, distrikti ya shule ya mji wetu, peke yake walipitishiwa bilioni 2.8 za dola 2012, bilioni 3.5 mwaka 2018, na bilioni 3.2 tena 2022.

Kwanza angalia kama unafaa, na hapa wengi wetu tunajikatia tamaa bure. Kamati lazima iwe na watu wasiopungua 7, na sheria imetaja viti 5 kwa aina: mtu wa chama cha wafanyabiashara, mtu wa kikundi cha wazee, mtu wa chama cha walipa kodi, mzazi au mlezi mwenye mtoto kwenye distrikti, na mzazi mwingine ambaye pia yuko active PTA (chama cha wazazi na walimu) au baraza la shule. Umeona? Viwili ni vya wazazi, kwa sheria, na nimeona kwa macho yangu kiti cha mzazi kikikaa wazi miezi kwa sababu hakuna aliyeomba! Wasioruhusiwa ni mfanyakazi au ofisa wa distrikti, na anayeuziana nayo au mwenye mkataba nayo. Kwa hiyo kama unapika kantini ya shule, hapana. Kama kampuni yako ya usafi ina mkataba na distrikti, hapana.

Uraia: jina la kamati kwa Kiingereza lina neno "Citizens" na watu wanaogopa hapo hapo. Sheria ya jimbo ya 2019, SB 225, inasema mtu anaweza kuteuliwa kwenye nafasi za umma bila kujali uraia wala hali ya makaratasi yake, mradi ana miaka 18 na anaishi California. Bado soma kanuni za kamati yenu, maana distrikti nyingi zinataka uwe unaishi ndani ya mipaka yake.

Sasa kuomba kwenyewe. Ingia websaiti ya distrikti, tafuta "Citizens' Bond Oversight Committee", au "Independent Citizens' Oversight Committee" kama wanavyoiita San Diego. Sheria inawataka waweke miniti, yaani kumbukumbu za vikao, na ripoti za kamati mtandaoni, so ukifika hapo usikimbilie fomu, fungua miniti za vikao viwili vitatu vya mwisho uzisome, utajua nani yuko, kiti gani kiko wazi na shule gani zinajengwa. Fomu usipoiona piga simu ofisi ya ujenzi ya distrikti, sema naomba fomu ya kuomba kamati ya bondi, na uulize mwisho wa kuipokea ni lini. Kama bondi imepita juzi juzi fanya haraka, bodi ya shule ina siku 60 tu kuunda kamati tangu iingize matokeo ya kura kwenye miniti zake.

Fomu kwa kawaida itauliza jina, anwani, kiti unachoomba, kama una biashara yoyote na distrikti, na kwa nini unataka. Hapo kwenye "kwa nini" ndo watu wanaharibu, wanaandika napenda maendeleo ya jamii yangu, basi. Andika kitu cha kushikika. Mfano: "Nina watoto wawili, darasa la pili na la tano. Choo cha wasichana karibu na uwanja kilifungwa wiki tatu mwaka jana, nataka kuelewa kazi ya mabomba imepangwa lini na imegharimu kiasi gani." Na kama nyumbani ulikuwa fundi uashi au karani wa stoo, andika, usione aibu kabisa, maana kazi ya kamati ni kulinganisha karatasi na kilichopo.

Nilijifunza hilo ziara yangu ya kwanza ya kamati kwenye saiti ya ujenzi. Karatasi ilisema bomba za kunywea maji 8 zimeshawekwa na zimelipwa. Nikazunguka uwanja na kalamu nikahesabu 5, nikarudia tena, 5. Hakuna aliyeiba, 3 zilikuwa bado kwenye boksi stoo, lakini malipo yalishaandikwa kama kazi imeisha na watoto walikuwa wanapanga foleni juani. Nikauliza kwenye kikao, ikaingia kwenye miniti, mwezi uliofuata zikawekwa.

Ukishapeleka fomu omba wakuthibitishie kwa imeili kwamba wameipata. Wengine watakuita intavyuu fupi, wengine wanapeleka majina moja kwa moja kwenye bodi ya shule, ambayo ndo inateua. Siku hiyo nenda. Ajenda lazima itoke saa 72 kabla ya kikao cha kawaida, na mtu yeyote ana haki ya kusema. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, ukizungumza kupitia mkalimani sheria inataka upewe angalau mara mbili ya muda wanaopewa wengine, kwa hiyo wakisema dakika 2 wewe ni 4, wakumbushe kwa heshima tu.

Ukiteuliwa ni angalau miaka miwili, unaweza kurudia mpaka vipindi 3 mfululizo, na hakuna malipo, hilo nalisema wazi ili mwenye shifti mbili ajipange. Kamati haichagui kontrakta na haisaini hundi. Inauliza, inatembelea majengo, na inatoa ripoti kwa wananchi angalau mara moja kwa mwaka. Ripoti za ukaguzi wa mwaka uliopita lazima zikufikie kabla ya Machi 31 kuisha, na bodi ina miezi mitatu kujibu dosari zilizoonekana humo, weka tarehe zote mbili kwenye simu yako. Distrikti inapaswa kuwapa msaada wa kiofisi na wa kitaalamu bila kugusa hela za bondi, so ukiambiwa hatuna mtu wa kukuelezea hii ripoti, omba tena kwa maandishi.

Usipochaguliwa, vikao bado viko wazi kwa wote, kaa kiti cha nyuma usikilize. Unaweza pia kuomba nakala za mikataba na ankara kwa sheria ya kumbukumbu za umma, wana siku 10 za kukujibu kama wanazo na kama watatoa. Imeili ya mistari mitatu inatosha: jina la shule, mradi gani, karatasi gani unataka.