Kuchagua na Kununua Manukato ya Kiume: Ushauri kwa Mnunuzi wa Lamu

Hakuna mahali pabaya pa kuamulia manukato kuliko ndani ya duka linaloyauza. Ukiingia kiduka cha uturi kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, saa za jioni, utakuta chetezo kinafuka mlangoni, chupa kadhaa zimefunguliwa tangu asubuhi, na mteja aliyetoka kabla yako ameacha harufu yake hewani. Pua iliyo katika hali hiyo haiwezi kuhukumu kitu. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda dukani kujaribu tu, ukanunue siku nyingine, ukishajua manukato hayo yanakuwaje jua linapotua yakiwa juu ya ngozi yako mwenyewe.

Sababu yake ni kwamba manukato hayana harufu moja. Yanayotangulia kupanda puani ni yale mepesi yanayoruka haraka, kama ndimu, chungwa, bergamoti na mnanaa, nayo hudumu robo saa, pengine nusu saa. Nyuma yake huja harufu ya kati, yenye maua na viungo kama waridi, lavenda, iliki na mdalasini, ambayo hukaa kwa saa mbili hadi nne. Mwisho hubaki ile nzito: sandali, udi, miski, ambari, vanila na mbao za namna mbalimbali, na hiyo ndiyo utakayoshinda nayo na kulala nayo, na hata kuikuta kwenye kanzu kesho yake. Anayelipa pesa kwa sababu ya ile harufu ya kwanza amenunua nusu saa. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana baadhi ya manukato yameundwa yavutie sana mwanzoni na kuwa hayana lolote baadaye.

Njia nyepesi ya kuyafuatilia, kwa mtu wa huku kwetu, ni kutumia nyakati za sala. Jipake au jipulizie mara tu baada ya Adhuhuri, kisha unuse inapokaribia Alasiri, na tena inapokaribia Magharibi. Karibu na Alasiri utakuwa umefika katika harufu ya kati, na karibu na Magharibi utakutana na ile itakayobaki. Vitabu vingi vinashauri ujaribie kwenye kifundo cha mkono, lakini ushauri huo haumfai mtu anayetawadha, kwa kuwa maji ya udhu huosha mikono mpaka viwikoni na jaribio lote likaishia birikani. Paka juu ya kiwiko, upande wa ndani wa mkono, au kifuani chini ya shingo. Usisugue, acha yakauke yenyewe, kwani kusugua kunaipasha ngozi joto na kuifukuza haraka ile harufu ya mwanzo, ukashindwa kuyafuata manukato hatua kwa hatua.

Siku moja usijaribu zaidi ya manukato matatu, na kwenye ngozi usizidishe mawili, moja kila mkono. Pua huchoka, na ikishachoka kila kitu hunukia namna moja. Maduka mengine huweka kikombe cha buni za kahawa ili mteja anuse na kuipumzisha pua. Mimi sijaona faida yake, kwa sababu kahawa nayo ni harufu kali, na kutoka nje ukapigwa na upepo wa bahari kunasaidia zaidi. Nenda bila manukato mengine mwilini, na nguo uliyovaa isiwe imefukizwa udi usiku uliopita, la sivyo utanunua mchanganyiko ambao hutaupata tena.

Kijikaratasi cha kunusia kina kazi moja tu, nayo ni kuondoa yale usiyoyataka kabisa. Hakina joto, jasho wala mafuta ya ngozi. Nililipia somo hilo katika duka moja la mji mkubwa, lenye kiyoyozi, ambapo nilinunua chupa ya mililita 100 baada ya kunusa karatasi tu. Niliporudi Amu, yaani Lamu, Ijumaa moja ya mwezi wa Februari, nilivaa kanzu, nikajipulizia mara nne, na kabla sijafika Mkunguni ile vanila niliyoipenda sana ilikuwa imegeuka kama shira ya halua iliyoungulia sufuriani. Ami yangu, aliyekuwa amekaa barazani, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, umemwagikiwa na nini?" Chupa hiyo ninayo hadi leo, na robo tatu yake haijaguswa.

Joto na unyevu wa pwani ndio unaoleta tofauti hiyo. Hewa ikiwa ya moto, manukato huruka kwa wingi na kwa kasi, kwa hiyo mepesi huisha mapema na mazito na matamu hujaa kote mpaka yakakera. Katika miezi ya kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, mchana unataka ndimu, chungwa, mchaichai, mnanaa, au yale manukato yenye harufu ya bahari, hata kama utalazimika kuyarudia baada ya Alasiri. Msimu wa kusi hewa inapopoa, unaweza kupanda hadi sandali na viungo. Udi, ambari na vanila viachie usiku: harusi, mikesha, na karamu zinazofanyika uwanjani chini ya anga. Msikitini, mkiwa bega kwa bega katika safu, tone moja la mafuta linatosha kabisa, na ndani ya boti iliyojaa watu kuelekea Mokowe, ng'ambo ya bara, ni uungwana kutojipulizia hata kidogo.

Swali ambalo wanaume wengi wa mji huu hujiuliza mapema ni kama wanunue mafuta au manukato ya kupulizia. Ya kupulizia huyeyushwa katika spiriti, na kwa kuwa wanazuoni wamehitilafiana kuhusu spiriti hiyo, mwenye wasiwasi na sala yake anunue mafuta akatulia. Hata pasipo suala hilo, mafuta yana sifa zake: hukaa karibu na mwili, hudumu muda mrefu, na huuzwa kwa vipimo vidogo visivyoumiza mfuko. Kipimo chake cha zamani ni tola, ambayo ni takriban gramu 11.7, na vichupa vyake huhesabiwa kuwa mililita 12 kwa tola nzima, 6 kwa nusu na 3 kwa robo. Anza na robo tola. Kwa mtu anayepaka tone moja kwa siku, hata hiyo robo si kidogo. Ubaya wa mafuta ni madoa. Mafuta ya udi yenye rangi nyeusi yakigusa kanzu nyeupe hayatoki kwa urahisi, kwa hiyo yaweke kwanza kwenye kipande cha kitambaa cheupe, na hata ukishayanunua paka mwilini, usubiri kidogo, ndipo uvae.

Manukato ya kupulizia yanaandikwa nguvu yake kwenye boksi, kwa kawaida kwa Kifaransa. Parfum au extrait ndiyo yenye mafuta mengi zaidi ya manukato, yaani takriban asilimia 20 hadi 30. Eau de parfum huwa na asilimia 15 hadi 20, eau de toilette 5 hadi 15, na eau de cologne 2 hadi 4 tu. Viwango hivi ni vya kukadiria, kwani kila mtengenezaji ana mizani yake. Aidha, jina moja likiuzwa kwa nguvu mbili, usidhani ni harufu ileile iliyozidishwa maji. Mara nyingi mchanganyiko wenyewe umebadilishwa, na kila moja inapaswa kujaribiwa peke yake. Kwa mchana wa Lamu, eau de toilette nzuri inafaa kuliko watu wanavyodhani.

Neno la "kiume" kwenye boksi lisikusumbue sana. Mgawanyo huo ni wa wauzaji. Wanaume wa pwani hii wamekuwa wakinyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi katika maulidi bila yeyote kuona ajabu, ilhali waridi hilohilo katika maduka ya Ulaya huwekwa kwenye rafu ya wanawake. Likikukaa vizuri, ni lako.

Kuhusu udi, tahadhari kidogo. Udi wa kweli ni utomvu unaotokea ndani ya miti ya Aquilaria, inayoota Asia kuanzia India hadi Indonesia, pale mti unapojeruhiwa na kushambuliwa na ukungu. Mti mzima usio na kidonda hauna harufu hiyo. Kwa sababu miti imekatwa mno, biashara ya aina zake zote imewekwa chini ya usimamizi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2005, na bei yake inafuatana na uhaba huo. Kwa hiyo chupa kubwa ya "udi safi" kwa bei ya chai na mahamri haiwezi kuwa udi safi. Huenda ni mchanganyiko uliotengenezwa maabara, na hakuna ubaya ukiupenda, mradi bei yake nayo iwe ya mchanganyiko. Hali ni hiyohiyo kwa miski, ambayo zamani ilitoka kwa paa wa Asia na leo karibu yote hutengenezwa kiwandani.

Bandia ni jambo jingine, kwa kuwa hapo mtu anauziwa jina la mwenzake. Muuzaji anayesema waziwazi kwamba mafuta yake yameigizwa harufu ya manukato fulani maarufu hajakudanganya. Anayekuuzia chupa yenye jina hilo kwa robo ya bei yake ndiye wa kuangaliwa. Pindua boksi, utafute namba ya toleo iliyochapwa chini yake, kisha uilinganishe na iliyo chini ya chupa, zikitofautiana, rudisha. Tazama karatasi ya nailoni ya nje kama imekunjwa sawasawa, soma maandishi kama hayana makosa ya herufi, na ubonyeze mara moja: kipulizio kizuri hutoa ukungu laini, kibovu hutema matone. Uzuri wa boksi pekee ni uzuri wa mkakasi.

Kabla ya kulipa, piga hesabu kwa mililita. Tuseme chupa ya mililita 100 ni shilingi 6,000 na ya 50 ni shilingi 4,000: ya kwanza ni shilingi 60 kwa mililita, ya pili 80. Kubwa inaonekana rahisi, lakini anayejipulizia Ijumaa na siku za harusi tu ataimaliza lini? Kwa manukato ya mara ya kwanza mimi huchukua ndogo kila mara. Ukiagiza kutoka Mombasa kwa simu, omba picha ya chupa yenyewe pamoja na namba yake, na ulipe ukishaipokea ikiwezekana. Uliza pia mzigo utasafiri vipi, kwani chupa iliyoshinda siku nzima kwenye buti la basi na kisha juani gatini Mokowe inaweza kukufikia ikiwa imeanza kuharibika.

Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoyamaliza manukato nyumbani pia. Usiyapange dirishani kwa ajili ya uzuri wa kioo, wala usiyaweke bafuni penye mvuke. Yarudishe ndani ya boksi lake, ukaze kifuniko, uyaweke chini kabisa kwenye sanduku la nguo, katika chumba cha ndani chenye kuta nene za mawe ya matumbawe ambamo hata adhuhuri ya Februari haifiki, na uyafunge kwa kikoi usichokivaa, kwa sababu kikoi hicho kitanukia mwaka mzima.